Mama Rudia Anaaga Chumba cha Utakasaji

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa nane na nusu mchana, Mama Rudia atavua aproni yake ya plastiki na kuitundika kwenye msumari wa tatu nyuma ya mlango wa Chumba cha Utakasaji. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi mitano na siku kumi na moja ya utumishi katika hospitali hii. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Sisi wengine tungesema "miaka thelathini na kitu", naye angetutazama kimya kwa lile jicho lake mpaka tuhesabu upya.

Kwa wageni ambao hawajawahi kufika kwetu, Chumba cha Utakasaji kiko chini, mwisho wa ushoroba mrefu unaopita nyuma ya dobi, panapofuliwa shuka. Hakuna mgonjwa anayekanyaga huko. Kila mkasi, kila kisu na kila kibano kilichotumika kwenye upasuaji huteremshwa kwetu kikiwa na damu. Tunakiosha, tunakikausha, tunakikagua, tunakifunga kwenye kitambaa pamoja na wenzake, kisha trei nzima inaingia kwenye mashine ya mvuke. Juu ya kitambaa tunabandika utepe wenye michirizi iliyofifia. Mvuke ukifanya kazi yake, michirizi hugeuka myeusi tititi. Isipogeuka, trei haitoki. Hiyo ndiyo kazi yetu, hakuna nyingine, na mama huyu ameifanya kwa muda mrefu kuliko mashine yoyote iliyowahi kuletwa humu. Mashine tatu zimestaafu akiziangalia.

Jina la Mama Rudia tulimpa sisi. Ukimwonyesha mkasi uliouosha kwa nusu saa, ukatoka jasho, ukajisifu moyoni, yeye ataufungua, atautazama pale kwenye kiungo kwa kile kioo chake cha kukuzia, kisha atakurudishia kwa upole wote wa duniani na kusema neno moja. Mnalijua. Mume wake, fundi seremala, mtu mpole ambaye mara nyingi huja kumpokea getini, aliwahi kutuambia kwamba nyumbani kwao sahani zinaoshwa mara mbili, na kwamba siku ya kwanza alipomchumbia aliambiwa vilevile, arudie, kwa sababu alikuwa amesema kwa haraka.

Tuanze mwanzo. Akiwa binti wa miaka ishirini na mitano, Mama Rudia alikuwa ameomba kwa miezi kadhaa, kwa kufunga, kwamba Mungu ampe utumishi. Barua ikaja. Iliandikwa: "Umeajiriwa kuwa Mtumishi, Chumba cha Utakasaji." Mtumishi! Utakasaji! Msomaji hebu jiweke mahali pake. Aliipeleka barua kanisani ikasomwa mbele ya watu, wakapiga makofi. Siku ya kuripoti alifika amevaa gauni jeupe, kitabu cha nyimbo mkononi, tayari kwa lolote. Akapewa burashi, glavu zinazofika kwenye kiwiko na beseni la makoleo yenye damu iliyoganda.

Hakurudi nyumbani, na hilo tumsifu. Lakini aliamua kwamba kama Mungu amemleta mahali pasipo na madhabahu, basi ataijenga mwenyewe. Miaka ile ya mwanzo, wazee wanasema, hukuweza kukatiza Chumba cha Utakasaji bila kuhubiriwa. Wachukuzi wa dobi walizunguka kupitia nje hata mvua ikinyesha. Fundi umeme wa zamani aliingia siku moja kubadilisha taa, akapanda ngazi, na dada huyu akaishika ngazi ile kwa chini ili isiteleze. Aliishika kwa saa moja na dakika kumi. Fundi alishuka ameokoka. Mwenyewe, hadi leo, anasema aliokoka ili ashuke, ila hajawahi kurudi nyuma, na sasa ni mzee wa kanisa.

Kisha kulikuwa na vikaratasi. Alikuwa akiandika maneno ya kutia moyo kwa kalamu ya wino na kuyabandika kila mahali, hata juu ya meza ya kufungia trei. Gundi na mvuke havielewani. Asubuhi moja daktari wa upasuaji alifungua trei mbele ya wanafunzi sita, akakuta juu ya visu kikaratasi kimejikunja, kimeandikwa: "USIOGOPE." Wanasema mwanafunzi mmoja aliogopa sana. Trei ikarudishwa, vikaratasi vikapigwa marufuku, na dada yetu akaandika barua ya kwanza ya kujieleza kati ya barua mbili alizowahi kuandika humu. Ya pili tutaifikia.

Aliyemkunja akakunjika alikuwa msimamizi wa wakati huo, marehemu sasa, aliyeitwa Mzee wa Mvuke. Kanisani alikuwa akiingia kwa harusi na mazishi tu, na kwenye harusi alikaa karibu na mlango. Siku moja dada alikuwa stoo, katikati ya mabunda ya vitambaa, amepiga magoti anaombea wagonjwa wa siku hiyo mmoja mmoja kwa majina. Wakati huohuo mashine ilikuwa imemaliza mzunguko, na ilitakiwa kufunguliwa ili trei zikauke. Haikufunguliwa. Trei nne zikalowa chapa, na trei iliyolowa ni kama haikuingia kabisa.

Mzee wa Mvuke alifungua mlango wa stoo, akasubiri amina. Mama Rudia mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na huwa anaigiza na kikohozi cha mzee.

"Ulikuwa unazungumza na nani, binti yangu?"

"Na Mungu, mzee. Nilikuwa nawaombea wa upasuaji."

"Vizuri. Amekwambia kwamba trei zao zimelowa?"

Dada akainuka haraka.

"Mimi sijui mambo yenu," mzee akasema, "lakini kama ni yeye aliyekuleta hapa, alikuleta kwenye sinki na mashine. Stoo tayari ina mtu wake. Sasa wale wanne uliowaombea watangoja hadi mchana, hawajala tangu jana, na mmoja ni mtoto. Njoo tufungue upya."

Walifungua upya, wakafunga upya, trei nne, mzee upande mmoja na dada upande mwingine. Mama Rudia anasema alilia juu ya kitambaa cha pili na mzee akamwambia akalie pembeni, maana machozi nayo yana vijidudu.

Tangu siku hiyo akaahidi kutohubiri tena kazini, na akahamisha sala zake. Kwa zaidi ya miaka thelathini amefika getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akakaa kwenye benchi la walinzi na orodha ya upasuaji wa siku, akaombea majina yote, akafunga macho, akafungua, akaingia kazini. Walinzi wamezoea. Humu ndani akabakiza kuimba tu. Na hapo, kwa mapenzi yote, ukweli usemwe: sauti hana. Mwalimu wa kwaya ya kanisani kwake alimweka mstari wa nyuma, kisha nyuma ya mstari wa nyuma, kisha akampa kazi ya kugawa vitabu. Kwetu hakukuwa na mwalimu wa kwaya wa kutuokoa. Lakini tulijifunza kumsikiliza kama watu wanavyosikiliza hali ya hewa. Wimbo wa taratibu maana yake vibano vimekuja vichafu sana. Wimbo wa haraka maana yake mambo yanakwenda. Akinyamaza, weka chini ulichoshika.

Mimi nilihamishiwa kwake kutoka dobi miaka kumi na sita iliyopita, mama wa watoto wawili, nikidhani nimekuja kupumzika. Nikamkuta yeye ndiye msimamizi, na katika wiki ya kwanza nikarudia mikasi mingi kuliko shuka nilizofua mwaka mzima. Wakati huo alikuwa katika vita vyake vitamu na daktari bingwa wa upasuaji tunayemwita Daktari Haraka. Daktari alikuwa akipiga simu: "Mama, trei yangu!" Yeye anajibu: "Baba, inaiva." Daktari anateremka mwenyewe na kofia yake ya kijani, anasimama dirishani, anagonga kioo kwa pete. Yeye anamsogezea kiti. Hakuna siku mzunguko wa mashine ulipopungua hata dakika moja kwa sababu ya pete ile. Wala Mama Rudia hakuwahi kumwita Mungu awe shahidi wa jambo hilo. Alimwonyesha saa ya ukutani tu.

Sasa nifike kwenye Jumanne ambayo wengi mmesikia vipande vyake. Mama Rudia aliposikia kwamba mimi ndiye nitakayeandika wasifu huu, alinipa sharti moja: "Usipoandika ile, usiandike kabisa." Basi naiandika.

Ilikuwa saa tatu kasoro asubuhi. Bomba la upande wa kufungia trei lilikuwa linavuja, na fundi bomba alikuwa amekuja. Kumpisha, nililisukuma toroli lenye trei saba, zimeoshwa na kufungwa lakini hazijaingia kwenye mvuke, nikalipitisha mlangoni na kuliacha upande wa trei salama. Nilisema moyoni, dakika moja tu. Kila ajali ya kazini ina dakika moja tu ndani yake.

Fundi bomba alikuwa na jambo. Mke wake alikuwa amerudi kwao juzi yake. Na Mama Rudia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameishika ahadi yake ya kutohubiri kazini, alimwona kijana wa watu anafunga bomba huku anafuta macho, akashindwa. Alisimama mlangoni akimpa ushauri wa ndoa, na ulikuwa ushauri mzuri, maana mke alirudi. Simu ikalia. Chumba cha upasuaji wanataka trei ya tumbo. Mama akanyoosha mkono kwenye toroli lililokuwa karibu naye, akasoma lebo, akatia sahihi daftarini, akaipitisha dirishani, akarudi kwa fundi. Utepe hakuutazama.

Dakika kumi baadaye nikaja kuchukua toroli langu. Trei sita.

"Mama," nikasema, "ya saba umeiweka wapi?"

Alitazama toroli, akatazama daftari, akanitazama. Alipiga simu chumba cha upasuaji, ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akaanza kuvua viatu vya mpira ili akimbie.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. "Mama, waambie tu kuna kibano kimepungua. Watairudisha. Hakuna atakayejua."

"Nikaongope ili niokoe mtu?" akasema. "Niondokee njiani, mdogo wangu."

Akakimbia. Mama mwenye magoti yake yale, ambaye ngazi huzipanda kwa kupumzika mara mbili, alipanda ghorofa mbili na soksi miguuni, mimi nyuma yake. Alisimama kwenye mstari mwekundu, pale ambapo hatuna ruhusa ya kuvuka, akausukuma mlango kwa mkono.

Mgonjwa alikuwa amelala. Alikuwa mshonaji wa nguo, mama wa watoto watatu, amekuja kuondolewa nyongo. Tumbo lilikuwa limeshapakwa dawa. Daktari Haraka alikuwa amenyoosha kiganja apewe kisu.

"Daktari, simama! Usiguse hiyo trei!"

"Kuna nini tena?"

"Haijapita kwenye mvuke."

Muuguzi aliokota kitambaa cha trei, akageuza utepe. Michirizi ilikuwa imefifia vilevile kama ilivyotoka dukani. Naye alipaswa kuutazama, hakuutazama. Baadaye alisema, "Ikishapita kwa Mama Rudia, nani anatazama?"

"Nani ameitoa hii?" daktari akauliza.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la Mama. Nilijua toroli limefikaje pale. Nilifunga mdomo wangu kwa nguvu zangu zote.

"Mimi," akasema Mama Rudia. "Sahihi ni yangu."

Daktari alivua glavu moja, akaitupa sakafuni. "Toka mbele yangu," akasema, "na uniletee nyingine."

Alimletea nyingine, na safari hii aliinua utepe palepale kwenye mstari mwekundu, akawataka wote waliokuwa mle ndani wautazame mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoa dawa ya usingizi. Mgonjwa alilala mezani dakika ishirini na sita zaidi ya ilivyopaswa. Upasuaji ukaenda salama. Aliamka mchana akaomba maji.

Mngedhani yameisha. Yeye aliona bado. Daktari na matroni walipokwenda kumweleza mgonjwa kilichotokea, Mama Rudia aliomba afuatane nao. Nilikuwa nimemfuata hadi mlangoni, nikasikia.

"Mama, mimi ndiye niliyekosea. Nimekuja kukuomba radhi."

Mshonaji akauliza, "Hiyo trei ilikuwa chafu?"

"Ilikuwa imeoshwa, lakini haikuwa salama. Haikukugusa."

"Nina watoto watatu."

"Najua, mama."

"Nenda," akasema, akageukia ukutani.

Mama Rudia alitoka akasimama kwenye ushoroba, mgongo umeegemea ubao wa matangazo. Mwanamke huyu mwenye mstari wa Maandiko kwa kila tukio, hata kwa chumvi kuisha, siku hiyo hakuwa na mstari wowote. Alisema tu, "Ana haki," na akateremka kuendelea na kazi, kwa kuwa zile trei sita zilikuwa bado zinangoja.

Jioni tukiwa tunafunga vitambaa alinisimulia jambo ambalo sijalisahau. Alisema alipokuwa anapanda ngazi zile alitaka kumwomba Mungu ageuze ile michirizi iwe myeusi kabla hajafika. "Nikaona aibu," akasema. "Miguu amenipa, nimtume tena yeye?"

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akashangaa.

"Mimi nimeulizwa nilichofanya mimi. Ulichofanya wewe ni chako, utakisema mwenyewe."

"Na nisiposema?"

"Basi utakuwa nacho," akasema, akanisogezea mkasi. "Kiungo hiki, rudia."

Nilikaa nacho siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa matroni nimejiandaa kufukuzwa, nikasimama mbele ya meza yake, nikasema ni mimi niliyelivusha toroli. Matroni hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Nilikuwa nakungoja," akasema.

Kwenye kamati ya nidhamu, barua ya kujieleza ya Mama Rudia ilisomwa kwa sauti. Ilikuwa na mistari mitano, na mmoja ulisema: "Wakati wa tukio nilikuwa natoa ushauri wa ndoa." Katibu aliomba dakika ya kutoka nje. Nasikia alicheka kule mpaka akapaliwa. Daktari Haraka alipoulizwa maoni yake alisema, "Angenyamaza nisingejua. Ndiyo maana nina hasira naye, na ndiyo maana sitaki aondoke." Tulipewa barua za onyo, yake na yangu, zimefanana kama pacha. Yeye aliondolewa usimamizi kwa mwaka mzima, akarudishwa kwenye sinki, pale alipoanzia.

Wiki ya kwanza hakuimba. Nawaambieni, tuliomboleza. Tulikuwa tumemsema miaka yote, tukaziba masikio, tukamwigiza nyuma yake, na sasa kimya kile kilitushinda. Mzee wa dobi, ambaye ni wa dini nyingine na ambaye hakuwa amewahi kumaliza kusikiliza wimbo mmoja bila kulalamika, alikuja Jumatatu ya pili akauliza, "Kwani mama yenu anaumwa?" Tukamwambia haumwi. Akaenda hadi kwenye sinki, akasema, "Dada, hata kama ni wimbo mbovu, tupe." Mama akacheka, akaimba. Ulikuwa mbovu kweli.

Mwaka ule wa sinki ndio uliotuletea utaratibu tulio nao leo. Ule mstari wa manjano sakafuni ambao toroli haliruhusiwi kuuvuka ni wake. Alipiga magoti akaupaka rangi mwenyewe, kisha akanifanya nisukume toroli tupu hadi kwenye mstari na kurudi, kila asubuhi, mwezi mzima, nikisema kwa sauti, "Hapa ndipo mwisho wangu." Watu walitoka maabara kuja kunitazama. Utaratibu wa sahihi ya mtu wa pili dirishani ni wake pia. Alikwenda kwa wauguzi wa upasuaji zamu kwa zamu akawaambia, "Msiniamini mimi. Tazameni utepe." Kwa hiyo tuna jambo la ajabu katika hospitali hii, kwamba mwanamke mwenye imani kubwa kuliko wote humu ndiye aliyetufundisha kutokuamini. Tangu hapo hakuna trei iliyotoka bila mvuke. Usimamizi alirudishiwa mwaka ulipoisha, na wasimamizi kutoka hospitali nyingine wakaanza kuja kujifunza kwake. Wengi wao waliondoka wakiwa wamerudia.

Sitaki mdhani alitakasika kabisa. Ni mbishi. Hajawahi kukubali kwamba kalenda ya ofisini ni sahihi na yake si sahihi. Chai yake hainyweki, ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Likizo alikuwa akiichukua kama mtu anayekunywa dawa chungu, na siku ya tatu alikuwa akipita "kusalimia tu" na kioo chake mfukoni. Lakini mzee wa dobi alipokuwa na mfungo na kazi ya kupiga pasi, upande wa moto wa dobi, ikamzidi, ni yeye aliyehamia pale bila kuombwa, akisema baridi inamsumbua magoti. Na fundi bomba, nisimsahau, ana watoto wanne sasa, na bomba letu hutengenezwa siku hiyohiyo.

Kuhusu yule mshonaji, hakurudi kamwe kusema amesamehe. Mama Rudia alimweka kwenye orodha yake ya benchi la walinzi na hakumtoa. Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuja mwanamke mwingine kwa upasuaji wa kizazi. Kwenye fomu aliulizwa kwa nini amechagua hospitali hii na siyo ile iliyo karibu na kwake. Muuguzi alituletea fomu ile chini tuisome. Aliandika hivi: "Dada yangu, mshonaji, alisema, nenda kule. Kule wakikosea husema."

Mama Rudia aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena ameketi. Kisha akaomba aonyeshwe trei ya mwanamke yule, akaukagua utepe, akaniita niukague na mimi.

Kuanzia Jumatatu hatakuwa nasi. Mama yake mzazi ana miaka tisini na moja, macho yamezima, na amemwagiza aje. Mama Rudia anasema huko ndiko kwenye kazi inayofuata, kumwogesha, kumsomea, kumpeleka uani akaote jua. Tulipompigia bibi simu kumpongeza kwa kurudishiwa binti yake alisema, "Mniletee upesi, na mmwambie aje na mto wake, huku nina mmoja tu." Mume wa Mama Rudia ametengeneza kiti kirefu cha kumlaza mama mkwe jua likiwa laini. Watoto wao wamegawana siku za kuja kusaidia. Sherehe yetu ya Ijumaa itafanyika kwenye chumba cha chakula, saa tisa kamili, na ameomba zamu ya mchana isifungwe kwa ajili yake. Kuna wagonjwa watano kwenye orodha.

Mama, tumekutania kurasa hizi zote kwa kuwa kukusifu usoni umetukataza. Ruhusu moja tu. Katika miaka hii maelfu ya watu wamelala kwenye meza ile juu, wakaamka, wakaomba maji, wakarudi kwao kulea na kulima na kushona, na kidonda kikapona bila kutunga usaha. Hawakukujua. Hawakujua kama kuna chumba huku chini, wala kama asubuhi ile kuna mtu alikuwa amelitamka jina lao getini kabla hajashika burashi. Sisi tulikuona. Asante kwa kutuvumilia, na kwa kila ulichotusubiri tukiseme wenyewe.

Tunakutakia siku ndefu zenye amani, magoti yasiyouma, na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake. Nenda salama, Mama.

Kwa niaba ya wote wa Chumba cha Utakasaji,
Mdogo wako wa toroli